Supu ya Kiwandani na Mfungo Niliouwekea Sheria

Kwako Mama Bertila, mshauri tunayekusoma gazetini hata huku ugenini,

Nakuandikia kwa faksi kutoka Guangzhou, nikiwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi, na ninaomba unisaidie kwa neno lolote utakaloona linafaa. Mimi ni mhitimu wa uhandisi wa nguo, nimeajiriwa kuwa mkalimani na msimamizi wa oda katika karakana ya jinzi huko Xintang, na kila Ijumaa ninasali na jumuiya yetu ndogo ya Watanzania na Wakongo chumbani kwa Mama Emmanuella, ambako, kwa kuwa mimi ndiye msomi pekee, nilipewa uongozi, na Jumatano ya Majivu nikapendekeza kwa hotuba ndefu kwamba sote tuache nyama hadi Pasaka, na atakayeteleza asimame akiri mbele ya wenzake, jambo ambalo Mama Emmanuella alilicheka, "Mwalimu, weye hata Kwaresima unaitungia mtihani?", lakini likapita.

Kazini, hata hivyo, niliona haya kumweleza mwenye karakana, Mama Liang, habari za mfungo, nisije nikaonekana mshamba, nikamwambia kwamba tumbo linanisumbua na daktari amenikataza nyama, naye tangu siku hiyo ananichemshia supu ya kuku mweusi na mizizi, ambayo kwake ni dawa wala si nyama, anasimama mbele yangu mikono kiunoni na kusema, "Maliza! Ukirudi kwenu umekonda, mama yako atanilaani mimi," nami, kwa kuogopa kumvunjia heshima na kuogopa uongo wangu usije ukafichuka, namaliza.

Ningeubeba mzigo huo peke yangu, lakini Ijumaa moja Ghislain, mfanyabiashara kijana wa Lubumbashi, alisimama mbele yetu akakiri, "Pardon, bandugu, nilikulaka kabawa kamoja ka kuku, njaa ilinishinda," nami, ambaye mchana uleule nilikuwa nimemaliza bakuli, nikamhubiria juu ya udhaifu wa mwili hadi akalia, na tangu hapo haji kusali, inasemekana ametamka kwamba Mungu wa wasomi hamwezi, na sasa jumuiya inanitaka niongoze Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu, na sauti sina. Je, nijiuzulu kwa kisingizio cha kazi, au ninyamaze niongoze?

Wako mtiifu,
Respicius

Respicius mwanangu,

Nimetafuta katika barua yako mahali pa kuvuta pumzi, sikupaona. Pole kwa kazi na ugeni. Sasa nisikilize.

Supu usiifanye msalaba. Mwanamke wa watu alidhani unaumwa, akakupikia. Kilichokushinda ni aibu, si kuku. Unaishi miongoni mwa watu ambao wengine wao, kwa dini yao, huacha nyama mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Ungesema tu "nimefunga", angekupikia mboga na asingekuona mshamba. Lugha yao umejifunza, wenyewe hukuwauliza. Mwambie ukweli kesho, kabla hajawasha jiko, na umshukuru.

Lakini mbona Ghislain umemweka mwisho, kama robota la nguo lililosahaulika nje ya kontena? Hapo ndipo penye kosa. Kijana alisema ukweli mbele ya watu, jambo ambalo wewe hukuliweza hata mbele ya aliyekupikia, nawe ukamliza. Nani alikutuma uwe hakimu wa matumbo ya wenzako? Walikuomba uwaongoze kusali tu.

Usijiuzulu kwa kisingizio. Huo ni uongo wa pili. Wala usiongoze ukiwa umenyamaza. Nenda kwa Ghislain kabla ya Ijumaa Kuu, peke yako, bila hotuba. Mwambie, "Siku ile nilipokuliza, mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kunywa supu ya kuku." Kisha funga mdomo. Akikutukana, vumilia, umestahili. Jumuiya nayo iambie hayohayo, sheria yako ifutwe, na msalaba ashike mwingine, wewe ufuate nyuma pamoja na wengine. Sauti itarudi yenyewe, na isiporudi, wapo wenye sauti.

Na Ghislain akikukaribisha chakula, kaa ule. Usiulize kimepikwa nini.

Mama Bertila