Mvua Haifuati Idi

Baleni, Jumatano, mwisho wa Mfungo Mosi, 1316 Hijria

Joto. Upepo wa kaskazi umekufa tangu asubuhi, na mawingu yanatupita juu kama wageni wasiotaka kukaribishwa. Nina hasira, na leo sitasingizia uchovu.

Nimetoka shambani. Mpunga umekufa. Si wote, lakini uliobaki hautoshi hata ndege. Tuliupanda kwenye vumbi mwanzoni mwa mwezi huu, siku chache baada ya Idi. Ikanyesha mvua moja tu, ukachipua, tukafurahi, kisha jua likauchoma ukawa rangi ya makuti makavu.

Baada ya Idi! Mume wangu Seif ni mtoto wa duka, mzaliwa wa Chole, na shamba hili alilirithi kwa baba yake miaka michache iliyopita. Tulipohamia huku, Idi ilikuwa ikiangukia karibu na masika. Mwaka wa kwanza Idi ikapita, mvua ikaja. Wa pili hivyo hivyo. Basi akaamini kuwa mvua inafuata Idi, na akishaamini jambo, huyu bwana, umwachie.

Nimemweleza mpaka koo limenikauka. Miezi ya mwandamo ni mifupi, Idi inarudi nyuma kila mwaka, na mvua haifungi Ramadhani. Mvua inafuata jua. Ndiyo maana wakulima wa hapa wanahesabu siku zao tangu Nairuzi, mwaka wa jua. Mimi hutazama kivuli cha jiko langu adhuhuri. Miezi ya joto kali kinalala upande wa kaskazini, kinapungua, kinapotea, halafu kinahamia kusini. Jua likishatuvuka kichwani namna hiyo, masika hayako mbali. Mwaka huu kivuli kimehama juzijuzi tu, mpunga wetu umeshakauka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka jana alipatia.

Mwaka jana pia alipanda mapema, watu wakamcheka, na mvua ikaja kabla ya wakati wake. Jirani yetu Bi Mize, aliyesubiri kwa hesabu ya Nairuzi kama mama yake alivyomfundisha, alivuna makapi, kwa sababu mvua iliyowahi kuja iliwahi pia kuondoka. Seif akatembea kijiji kizima kifua mbele.

Na jua lilikuwa lile lile! Lilipita pale pale, kivuli changu kikahama vile vile. Sasa mvua ilipata wapi ruhusa ya kufanya yake?

Nimemuuliza Bi Mize leo. Amecheka bila furaha. "Mwanangu, jua linatwambia msimu. Siku yenyewe hatwambiwi." Naye hajapanda bado. Anaogopa.

Alasiri Seif amerudi kutoka msikitini na maelezo mapya: labda mwezi uliandama mapema na watu hawakuuona, kwa hiyo Idi haikuwa siku yake. Siku moja! Mpunga mzima umekufa, yeye anagombana na siku moja. Nilitaka kumrushia mwiko.

Badala yake nimemwambia ukweli. Aliniamuru nipande mbegu yote, sikupanda yote. Kikapu kimoja nimekificha uvunguni mwa kitanda.

Nilijiandaa kwa makelele. Amekaa kizingitini, akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Umefanya vyema, mke wangu." Sijui kwa nini hilo limenikera kuliko yote. Mwezi mzima nimejitayarisha kugombana, na mgomvi wangu ameweka silaha chini.

Kikapu hicho ndicho wali wetu wa mwaka mzima. Tukikipanda mapema kitaungua kama kilichotangulia. Tukichelewa, mvua itaondoka mpunga haujabeba. Baada ya hapo ni mihogo ya watu, na ya watu si ya kuomba kila siku.

"Basi sema wewe," Seif ameniuliza. "Lini?"

Mimi, mwenye maneno yote hayo! Nimetazama kivuli cha jiko, nimetazama mbingu. Kivuli kinasema karibu. Karibu ndiyo lini?

Nimemwambia Jumamosi.

Nimesema kwa sauti ya mtu anayejua, naye ameitikia na kwenda kunoa jembe.