Akonkwa Anaenda Rizevu

Yaya Chibalonza, dada yangu mkubwa,

Magoti yangu yamepona, ila baridi ya huku ugenini Granville imeniulia mboga yangu ya lengalenga yote.

Uliniuliza mwanangu Akonkwa anafanya nini akitoka kazini. Nilikujibu kwamba anacheza mpira, na nilikuwa naamini hivyo. Huku kiwanja cha nyasi cha mtaa kinaitwa rizevu. Kila Jumanne jioni aliniaga, "Mum, naenda Rizevu," na mimi mjinga nikawa namfulia matope huku namsifu.

Jumapili iliyopita mlango uligongwa. Nikachungulia pazia, nikaona magwanda na buti. Uso sikuuona. Nilizima redio, nikaingia chini ya kitanda, kama mimi na wewe tulivyofanya kule nyumbani siku ile wanajeshi walipomchukua baba yake Akonkwa. Aliyegonga alikuwa Akonkwa mwenyewe, amesahau ufunguo. Aliita, "Mum! Mum!" nami nimejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kumbe Rizevu yake ni jeshi la akiba, nalo kwa Kiingereza linaitwa vivyo hivyo. Mchana anabeba maboksi ghalani, Jumanne na Jumapili nyingine anafundishwa kulenga shabaha, na nchi yao ikipata shida ataitwa.

"Siyo jeshi kamili, Mum. Ni akiba tu."

Nikamuuliza kama risasi ya akiba inaua mtu nusu. Akacheka, kisha akaniomba nimpigie magwanda pasi.

Nimeyapiga, yaya. Yamenyooka vizuri kabisa.

Mama akiuliza, mwambie mjukuu wake anacheza mpira.

Mdogo wako,
Nabintu