Niliwatisha Wenzangu Kuhusu Vijiti, Sasa Nitasimamaje Mbele Yao?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka sitini kasoro miwili, mkunga wa mtaa huu wa wavunja mawe tangu mwanangu akiwa mgongoni, na karibu kila mtoto anayekimbia hapa kwenye vumbi ni mikono hii iliyompokea, kwa hiyo nikisema neno wanawake hulibeba lilivyo, na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Hospitali iko mbali, lakini kila baada ya miezi miwili kliniki ya gari huja kuegesha nyuma ya karakana ya matairi, na nesi hutoa huduma za uzazi wa mpango, ila mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia wanawake kwamba vile vijiti vya mkononi vinatembea mwilini mpaka kwenye kizazi, vinakiozesha, na mwanamke hashiki mimba tena hata akivitoa. Ukiniuliza niliyatoa wapi hayo, niliyasikia kwa mtu aliyeyasikia kwa mtu, nikayaongezea chumvi, maana niseme ukweli, niliona kijicho kuona wanawake wangu wakimpangia foleni binti anayeweza kuwa kitinda mimba wangu.

Basi mke wa mwanangu, ambaye ni fundi cherehani, alipojifungua mtoto wa tatu alitoka damu mpaka tukamlaza kwenye godoro nyuma ya lori la mawe, mimi nimeshika kichwa, mwanangu kashika miguu, tukafika hospitali hata jina lake halijui, wakamwongezea damu akapona, na daktari akatuonya kwamba mimba nyingine ya haraka inaweza kumwondoa. Wiki chache baadaye mkwe wangu aliweka mkasi chini akaniambia, "Mama, najua unavyosema kuhusu vijiti. Lakini mimi nataka kuwaona wanangu wakikua. Nisindikize, na baba watoto asijue, atakataa." Nikamsindikiza, mshauri, mimi yuleyule, nimejitanda mtandio mpaka puani, na mwanangu alipouliza bandeji ya nini nikawahi kujibu mimi, nikasema amejigonga kwenye meza ya kukatia nguo.

Mwaka ukapita, mkwe wangu akarudiwa na rangi yake, cherehani haipoi, ila mwanangu ndiye akaanza kunyong'onyea, sahani anaisukuma, akisemeshwa anajibu ukuta, mpaka Jumapili moja mchana akanikuta naanua nguo akaninong'oneza kama mwizi, "Mama, wewe ni mkunga, usinifiche. Hivi vumbi la mawe linaweza kummaliza mwanamume asipate mtoto tena?" Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamweleza yote. Akakaa juu ya ndoo niliyokuwa nimeipindua, nikasema moyoni leo nyumba ya mwanangu naibomoa kwa mdomo wangu, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo hatakufa?"

"Kwa mimba ya haraka, hapana."

Akajifuta uso kwa shati. "Nilikuwa na hofu mbili, mama. Asiposhika mimba, basi mimi sifai. Akishika, namzika. Kinachoniuma ni kwamba mlidhani nitakataa." Akaingia ndani kwa mkewe, wakazungumza kwa sauti ya chini, mara nikasikia kicheko, na mimi nikakalia ndoo ileile.

Hilo basi limetua, nashukuru Mungu. Linaloninyima raha ni lingine. Muuza mkaa wa hapa mtaani, mama wa watoto watano, mwaka jana alikuwa tayari kwenye foleni ya vijiti nikamtoa kwa vitisho vyangu, na sasa ana mimba ya sita asiyoitaka, akiniona anageuza uso. Na nesi ameniambia waziwazi kwamba wanaokuja hawazidi wanne, idadi isipopanda gari litahamishiwa kwingine, akaniomba niseme na wanawake. Nitasimamaje, mshauri? Watasema nimehongwa, au watasema nimezeeka. Je, si afadhali niwe nawatuma mmoja mmoja kimyakimya, bila kukiri kwamba niliwadanganya?

Mkunga mwenye aibu

JIBU

Shikamoo, mama. Naanza na heshima zako kwa sababu nitakayoyasema si matamu.

Kwanza nimefurahi, tena sana. Mkweo yuko hai, mwanao analala usingizi, nyumba imesimama. Siku ile ungeweza kushikilia maneno yako ya zamani ukamwacha binti wa watu aende na maji. Hukufanya hivyo. Jipe pongezi kidogo.

Kidogo tu, lakini. Hukukosea kwa kutojua, mama, ulikosea kwa wivu, na umeandika mwenyewe. Uliwanyima wanawake kitu ambacho hukumnyima mkweo. Ulipotoa vitisho hukunong'ona, ulisema mchana kweupe, sasa unataka kusahihisha kwa kunong'ona? Haiwezekani. Uongo uko kwenye kila nyumba mtaani kwako. Wewe utapita mlango upi wa nyuma uufikie wote?

Kabla ya mkutano wowote nenda kwa muuza mkaa, peke yako, na usiende na maelezo marefu. Mwambie, "Nilikudanganya, nisamehe." Akikufukuza, ondoka, urudi siku nyingine. Mimba ya sita inahitaji kliniki mapema na kujifungulia hospitali, kwa hiyo mwombe umsindikize, na mzungumze na nesi mapema atumie njia gani baada ya kujifungua, akitaka.

Halafu simama. Sema ulichosema zamani, sema si kweli: vijiti vinakaa palepale mkononi vilipowekwa, haviozeshi kizazi, na vikitolewa mwanamke anaweza kushika mimba tena. Usifiche kwamba hedhi inaweza kubadilika, maana ukificha hilo utakuwa umeanza uongo mpya. Ukishafika hapo, nyamaza, umpishe nesi. Yeye ndiye wa kumuuliza kila mmoja maradhi yake na dawa anazotumia, na kumweleza vidonge, sindano, kitanzi, kondomu na vinginevyo. Mwingine atachagua kimoja, mwingine hatachagua chochote, na wewe usimnunie yeyote. Umewachagulia vya kutosha.

Mkono wa mkweo usiutaje bila ruhusa yake. Mwili ni wake. Zungumzia mdomo wako, huo ni mali yako. Na mwombe nesi aje siku ambayo machimbo yamefungwa, wanaume nao wasikie. Umeona mwenyewe mwanao alivyoteseka mwaka mzima kwa sababu watu wawili wanaompenda walimwamulia atakavyojibu.

Mama huyu alikuwa ameandika na namba yake, na kwa kuwa gari lilikuwa linakuja kabla ya siku ya kuchapishwa, nilimpigia nikamweleza haya yote. Juzi amenipigia yeye. Nayaandika kwa idhini yake.

Muuza mkaa alimwacha amesimama mlangoni muda mrefu, kisha akamwambia, "Nimekuchukia mpaka nimechoka. Ingia." Kliniki wamekwenda pamoja, mtoto aliye tumboni anaendelea vizuri. Siku ya gari walikuja wanawake thelathini na mmoja, na wanaume saba waliojifanya wameleta matairi karakana. Nesi amesema kwa idadi hiyo gari haliendi popote.

"Na ulipokiri, walisemaje?" nilimuuliza.

"Walianza kunong'onezana, mwanangu. Nikatamani ardhi inimeze. Halafu mmoja akaniuliza, 'Mama, siku zote hizo ulikuwa unatutisha kwa nini?' Nikasema, 'Nilikuwa najidai tu.' Wakacheka, na mimi nikacheka, foleni ikasogea."