Maji ya Kutawadhia

Amu,
Jumatatu, 13 Machi 1967

Kwa dada yangu mpenzi Kulthum,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, na shemeji, na huyo uliyembeba tumboni. Sisi huku tunapumua. Mama ndiye aliyekuletea barua hii. Niliitia mwenyewe katika mkunjo wa buibui lake alipokuwa akiondoka na Bwana Wazir mwenye lori, kufuata msafara wa askari hadi Malindi. Utakuwa umeshaona kwamba hasemi. Mkaribishe, mpumzishe, usimuulize lolote mpaka umalize kusoma.

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni, nayo ni ya mtu anayemeza maji. Mtu mwenyewe ni Barka, mchukuzi wa boriti kutoka Chundwa, aliyelazwa hospitalini kitanda cha pili yake Ridhwani. Alishika birika kwa mikono miwili akanywa bila kupumzika, na kila funda lilisikika likishuka. Ridhwani wetu alikuwa amemgeuzia uso, anamsikiliza kama mtu asikilizaye redio.

Ulipata simu kwamba nduguyo Ridhwani amefariki, na njia ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mashifta wanaovamia magari, kwa hiyo hukuwahi kumzika. Nakueleza sasa ilivyokuwa.

Rundo la boriti liliteleza pale pwani wakipanga shehena. Liliwashukia Ridhwani na Barka, likawabana miguu na mapaja tangu asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Walipotolewa hapakuwa na mfupa uliovunjika. Ridhwani alikuwa akicheka. Alimtuma mtu amwambie mwenye boriti zile asiziuze haraka, kwani zimeshazoea joto lake. Waliocheka naye ndio hao hao waliolichukua jeneza.

Wajua kwamba tangu mwaka jana, kila asubuhi kabla ya kwenda skuli kufundisha, nilikuwa nikimfasiria Daktari, yule Mzungu wa utafiti. Anachunguza jambo moja tu: kwa nini mtu aliyebanwa na mzigo hutoka akizungumza, kisha mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa, ukakatika, naye akafa. Anasema nyama za mwili zikipondwa huyeyuka, na uchafu wake huingia katika damu ukaziba figo. Ana dawa ya sindano anayoijaribu. Kila aliyekuja na mgonjwa wake, Daktari aliniambia nimuulize: mmempa maji? Kiasi gani? Nani aliyewakataza? Niliuliza, wakajibu, naye akaitikia kwa kichwa. Nilidhani anapenda kujua mila zetu.

Na mila unaijua. Aliyepondwa hapewi maji, kwa kuwa maji huikuta damu iliyovia yakaipandisha moyoni. Tena Mama ndiye anayeitwa mitaani kuwakanda walioanguka, nani angemfundisha? Alitandika mkeka kando ya kitanda, akamkanda Ridhwani kwa mafuta ya moto, akawa anamlowesha midomo kwa pamba. Yeye mwenyewe hakunywa mbele yake, kwa kumwonea imani. Barka hakuwa na mtu. Mamake alikuwa ng'ambo, hajapata chombo cha kumvusha. Muuguzi Nerea, msichana wa bara, alimjazia birika kila lilipokwisha, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkataza. Mama alimsikitikia Barka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mwana wa watu anakufa kwa kukosa mzazi.

Ridhwani alimwomba Mama, kisha akaniomba mimi. Nilimbusu kipaji nikamwambia avumilie. Hapo akabuni hila. Alisema anataka kuswali, apewe maji ya kutawadhia. Mama alilia kwa furaha, maana wajua tulivyomwombea aikumbuke sala. Alitoka akarudi na sahani ya mchanga safi, ili atayamamu badala ya kutumia maji, kama inavyomjuzia mgonjwa. Ridhwani aliutazama ule mchanga, akacheka bila sauti. Halafu akaupiga kwa viganja, akajipaka uso, akaswali kweli. Mkojo ulikuwa umeshakatika. Alitutoka alfajiri ya Jumatano. Barka ameondoka wodini kwa miguu yake.

Daktari alikuja kutoa pole kabla hatujaondoa tanga. Alikaa barazani, akasema nami kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba tangu aanze kazi hajapata wawili kama hawa: mzigo mmoja, muda mmoja, dawa ile ile, na tofauti yao ni maji tu. Kwa hiyo sasa anajua kwamba dawa yake si kitu, na kinachookoa ni maji mengi, tena mapema. Nikamuuliza alianza lini kudhani hivyo. Alisema tangu mwanzo, ila kudhani si kujua, na kama angewaamuru wote wanywe asingepata wa kulinganisha nao. Alisema yeye hakumnyima mtu maji. Hilo ni kweli, Kulthum. Kisha akaniomba nimshukuru Mama, kwa sababu akina mama wengine huingiwa na huruma wakatoa funda moja kwa siri, wakamharibia kazi, lakini huyu hakulegea.

Mama alikuwa akimtilia kahawa. Akaniuliza, "Anenani?"

Nikamjibu, "Anasema hukulegea hata mara moja."

Machozi yalimtoka. Aliingia chumbani akaileta ile kofia aliyomshonea Ridhwani ya Idi, akampa. Daktari aliivaa akitoka mlangoni.

Wiki ile ile akaletwa Amini, mwana wa Bi Hadia wa Mtangawanda, ameangukiwa na ukuta. Nilimwendea Bi Hadia nikamsihi ampe mwanawe maji. Aliniuliza kama Mama alimpa ndugu yangu. Nikasema hapana. Akaniambia basi nirudi kwenye vitabu vyangu, yeye atafuata njia ya mwenye kujua, na hitima ikimalizika atamwita Mama aje amkande. Nerea alipojaribu, birika lilipigwa teke. Nilipomwendea Daktari alisema hawezi kuingilia mila za watu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeyapima. Mama akijua, hatapona. Asipojua, ataitwa kwa Amini, naye atakwenda na mafuta yake na pamba yake. Hapakuwa na mwingine ambaye Bi Hadia angemsikiliza.

Wanawake walikuwa wamejaa kwa hitima. Nilingoja msomaji afunge juzuu, nikasimama mbele ya Mama na mbele yao wote, ili yeye asiweze kusema hakusikia na wao wasiweze kusema hakuambiwa. Nikasema, "Mama, Ridhwani alikufa kwa kiu." Nikaeleza yote, na kofia nikaitaja.

Hakupiga kelele. Alitaja jina la Ridhwani. Kisha akamtaja Jeilani aliyeanguka mnazini, kisha mume wa jirani yetu, na mwingine, na mwingine, wote aliowauguza kwa mikono yake, na waliokaa mle chumbani walikuwa mama zao na wajane wao. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipokwisha alivaa buibui, akaenda wodini, akamnywesha Amini mwenyewe, na Bi Hadia akamwachia kwa kuwa ni yeye. Mkojo wa Amini umeanza kung'aa.

Wale wanawake hawapiti tena mlangoni petu. Daktari ameniondoa kazini, anasema nimemharibia. Mama hajanena nami neno, na asipoangaliwa hanywi. Mpe maji wewe, dada. Akiyasukuma, unywe kwanza mbele yake.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto, na Mungu akujaalie ujifungue salama. Ukisikia huko Malindi kwamba watu walimfikishia Mama habari ile, usikubali. Nimemwambia mimi.

Ni mimi nduguyo,
Umulkheir