Boya la Malkani

Jumanne, 22 Aprili

Kidude changu kimelia! Kutoka malka, pale ng'ombe wetu wanaposhukia mtoni kunywa, hadi hapa nyumbani, kupita miti yote ile — na kengele ikalia juu ya bati. Niliruka mpaka Baba akadhani nimekanyaga nge.

Maji yakipanda, boya linainuka, swichi inajifunga, kiredio kinatuma neno moja tu. Halafu kinalala. Kulala ndiko kunakokiponya: betri tatu za tochi zitamaliza masika. Tunafanana, mimi na hicho kidude. Kimya, kimya, ghafla kelele, kimya tena.

Nyanya Batula hakai nasi huku mwinukoni. Anakaa bondeni na ndama, kwa sababu majani ya huko ni laini. Mafuriko yaliyopita yalimchukulia ndama wote mchana kweupe. Ndivyo mto wetu ulivyo. Mvua inanyesha milimani, sisi tunaanika nguo, na maji yanakuja. Nimemwahidi safari hii tutawahi kumfuata. Amesema haya, lakini hahami mpaka aitwe.

Ijumaa, 25 Aprili

Aibu. Aibu!

Kengele ililia wanaume wakijiandaa kwenda msikitini. Wote wakateremka mbio bondeni na kanzu zao, wakabeba ndama mabegani. Mimi nikakimbilia mtoni. Mto umetulia kama maji ya beseni. Na fahali wetu mwekundu amesimama, analamba boya langu kwa mapenzi makubwa, analinyanyua kwa ulimi.

Boya nililitengeneza kwa kopo la chumvi ya mifugo. Nililisuuza mara moja tu. Binti wa wafugaji, mwenye diploma ya elektroniki!

Binamu yangu Sora, kanzu yote tope: “Hongera, injinia! Umegundua ng'ombe iko na ulimi.” Nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawarudisha ndama wake bondeni, mmoja mmoja, akiwapa pole.

Baba hakucheka wala hakugomba. Hilo ndilo lililonichoma.

Jumapili, 27 Aprili

Boya jipya: dumu la sabuni ya maji. Nimelizungushia ua wa miiba. Fahali alikuja, akanusa, akaondoka amenuna. Nimelijaribu asubuhi yote — safi.

Lakini Sora ameweka mlio wa king'ora kwenye simu yake. Kila nikipita anaubonyeza, na vijana wanapiga kelele, “Kimbia! Fahali!” Nilicheka nao. Kweli inachekesha. Baadaye nikalia kidogo nyuma ya zizi. Kengele isiyoaminiwa ni kelele tu, na aliyeitengeneza pia.

Jumatano, 30 Aprili

Inalia.

Naandika nimesimama. Mbingu buluu, hakuna wingu. Ng'ombe wote wako kwenye malisho ya mbali tangu alfajiri, hakuna hata mmoja malkani. Nimewaambia hivyo. Sora, amejilaza kwenye mkeka, chai mkononi: “Basi leo ni kiboko. Ambia yeye iwache kulamba.” Wengine wanacheka. Hakuna anayesimama.

Simu ya Nyanya imezimwa. Huizima makusudi, anasema inatisha ndama.

Na kweli inaweza kuwa kiboko! Au gogo. Au mwiba umenasa swichi. Nimepiga hesabu zote hizo kichwani, na kila moja inawezekana. Mtoni ni mbali. Nikienda kwanza kuangalia, na kama ni maji, njia ya bondeni itakuwa imekatika.

Baba ametoka ndani. Ameniuliza jambo moja: “Uko na hakika?”

Nilitaka sana kusema ndiyo. Nikasema, “Hapana, Baba. Ninachojua ni kwamba kule kuna kitu kimeinuka.”

Amelitazama bati linalolia. Ameitazama mbingu. Sora ameanza kusema kitu kuhusu kanzu, Baba akamnyamazisha kwa mkono.

Sasa amesimama mlangoni, shuka ameikaza kiunoni. Ana kamba mbili za kufungia ndama. Moja ananinyooshea mimi —