Pipa la Pili la Kahindo

Beni, Jumapili asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa muuguzi aliyeshuka na ndege hapa kwenye uwanja wa Mavivi. Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha niliketi kwanza kabla ya kuifungua, maana kwa miezi mingi sikujua kama ningeuona tena. Mguu wako unaendeleaje? Na Mama, ameanza kupata usingizi tangu bunduki zinyamaze huko Kindu? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu. Shule yetu ya Butembo haijafunguliwa tangu waasi walipopita, ndiyo sababu nimehamishiwa Beni. Hapa kuna joto kuliko Butembo. Wasichana wanakaa wanne wanne kwenye benchi moja, na karatasi ni shida hata kwa walimu.

Umeniuliza kama bado nashika darasa kwa mkono mgumu kama ulivyonifundisha. Baba, nilitaka kujibu ndiyo, nikuandikie mengine. Siwezi.

Unakumbuka nilikuandikia kwa majivuno kutoka Butembo, kwamba nimepata njia ya kuwafundisha wale wasichana dhaifu wa hesabu somo la pente, yaani kupanda kwa mstari kwenye mchoro. Walikuwa wanachanganya kila kitu. Basi niliwaambia: acheni kuhesabu, tazameni. Mstari unaosimama kama kilima kikali ndio wenye pente kubwa, unaolala ndio wenye ndogo. Watoto wa milimani walielewa mara moja. Nilijiona mwalimu mkubwa.

Mmoja tu alishindwa, Kahindo. Mama yake huleta samaki wa kukaushwa kutoka Kyavinyonge na kuwauza sokoni Butembo, na yeye mwenyewe alikuja shuleni na harufu ya samaki kwenye nguo. Alikuwa mzito. Kila mstari lazima auhesabie kwenye vidole, akinong'ona, "dakika moja, ngapi? dakika moja, ngapi?" Wenzake walikwisha maliza, yeye bado anahesabu. Alinichosha.

Siku ya mtihani nilichora ubaoni mapipa mawili yanayojaa maji ya mvua, nikauliza lipi linajaa haraka zaidi. Mstari wa kwanza ulipanda kwa ukali. Wa pili ulipanda taratibu. Nilipokuwa nasahihisha siku ya pili, wasichana wote waliandika pipa la kwanza isipokuwa Kahindo. Nilimwita asimame.

"Kwa nini pipa la pili?"

"Mademoiselle, lile la pili njo linajaa mbio."

"Hauone mustari ubaoni?"

"Naona, mademoiselle, mais..."

"Mais nini? Lakini nini? Samaki njo walikula macho yako?"

Darasa zima lilicheka. Nilicheka pia, Baba. Tangu siku hiyo walimwita Macho ya Samaki, hata uani, na sikuwakataza. Alikosa kupita kwa alama mbili, na swali lile lilikuwa la alama tatu. Nilimwambia mama yake kwamba binti ni mjinga, naye akamtoa shuleni. Kisha vita vikafika, nikawa na mambo mengine ya kuogopa.

Mwezi uliopita nilikuwa natayarisha somo hilo hilo hapa Beni. Kwa kuwa hatuna karatasi, natumia upande mweupe wa mitihani ya zamani niliyoitunza sandukuni. Nikageuza moja, nikakuta mwandiko wa Kahindo: "Pipa la pili, sababu dakika moja litre tano. Ile ingine litre mbili tu." Chini yake, sifuri yangu ya wino mwekundu.

Nikakumbuka ubao. Upande wake wa kulia ulikuwa umepasuka, nafasi haikutosha, basi kwenye mchoro wa pili nilifanya kila mraba uwe litre tano ili mstari utoshee. Kwenye wa kwanza mraba ulikuwa litre moja. Namba niliziandika pembeni kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu nikasahihisha kwa macho, kama nilivyowafundisha wasitumie kitu kingine. Katika chumba kile, aliyesoma namba alikuwa mmoja.

Jumamosi iliyofuata nilipanda lori kwenda Butembo. Nilimkuta sokoni nyuma ya kikapu cha samaki, mtoto wake mgongoni. Alisimama kama darasani.

"Mademoiselle, njo weye?"

Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma polepole, kidole juu ya mstari, midomo ikitembea. Nilimwambia nilikosea, kwamba jibu lake lilikuwa la kweli, na kwamba nitaongea na directrice, mkuu wa shule ya Beni, ampokee. Niliongea sana, Baba. Nadhani nilitaka anyamazishe kitu ndani yangu.

"Hapana, mademoiselle. Mutoto huyu atabebwa na nani?" Kisha akageuka kumtazama mama yake. "Mais ambia mama. Yeye njo mulimuambia miye niko mujinga."

Mama yake alikuwa hatua tatu tu, anafunga samaki kwa majani ya ndizi. Nikaanza upya mbele yake, na wauzaji wa pembeni wakasogea kusikiliza. Nilieleza mapipa, miraba, ubao uliopasuka. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza, mikono yake ikasimama.

"Kumbe nilimupigaka bure," alisema.

Hakuniambia mimi. Alikuwa anamtazama Kahindo, na Kahindo alikuwa anatazama karatasi. Nikafuta sifuri kwa kalamu, nikaandika tatu. Kahindo aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani, akarudi kwa wateja wake. Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza.

Sasa somo la pente naanza na mapipa yale mawili. Nawaambia wasichana kwamba mwalimu mmoja alichagua pipa la kwanza. Wanahesabu, dakika moja, ngapi, mpaka mmoja anapaza sauti, "Mademoiselle, ule mwalimu alikuwa mujinga!" Nami nasema ndiyo, nilikuwa mimi. Wanashika midomo. Darasa halijaanguka, Baba, kama ulivyoniambia litaanguka siku mwalimu atakapokubali kosa.

Msalimie Mama, umwambie kitambaa chake ndicho najifunika asubuhi hii ninapoandika. Msalimie kaka yetu, yaya Gaspard wa gare ya treni, na mama mdogo na kuku wake kama walinusurika mikononi mwa askari. Msalimie Bibi, umsomee hii barua yote, usiruke mahali.

Na wewe, Baba, uliyesimama mbele ya ubao miaka thelathini: kuna jina linalokurudia? Kama lipo, na kama mwenyewe bado yuko Kindu, mguu ukipona nenda ukamtafute. Mimi nilichelewa kwa muda wa mtoto mmoja mzima, yule wa mgongoni mwa Kahindo.

Binti yako,
Anastasie