Kopo la Kusikilizia Ardhi

Nyabusalu, jirani na Bulyanhulu
2 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila vumbi la huku linatumaliza vifua. Najua simu huipendi tangu sikio la kushoto lilipokufa, kwa hiyo nampa Eliya, kondakta wa basi, akuletee barua hii mkononi.

Nina habari. Ile siku ya wabunifu uliyoniambia, itakayofanyika hapo Mhunze kwenye uwanja wa shule, nami nimepata cha kupeleka. Nimetengeneza sikio la ardhi. Usicheke. Nimechukua spika ya redio mbovu, nikaitoa karatasi na kuiwekea kipande cha madini ya risasi ili iwe nzito, kisha nikaifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kopo unalifukia kidogo, waya unakuja kwenye kikuza sauti nilichokitoa kwenye redio ya kanda, umeme ni wa betri ya pikipiki. Ukivaa hedifoni unasikia ardhi. Kuku akichakura kule kwa jirani, unamsikia kama anachakura kichwani mwako.

Nilikuwa na sababu. Tangu duara la Abel, shimo lake la dhahabu, lilipofukia watu kwenye mvua za mwaka jana, nimekuwa nikifikiri kwamba mwamba haukatiki ghafla. Lazima unaanza kulia kidogo kidogo, ila masikio yetu ni mazito. Nikasema, kama fundi redio hawezi kusaidia hapo, ufundi wake ni wa nini?

Sasa sikiliza. Jana mchana nilikwenda kulijaribu pale pale kwa Abel, juu ya kifusi, maana hakuna mtu anayepita. Mwanzoni kimya. Halafu nikasikia ngo, ngo, ngo. Kimya. Tena ngo, ngo, ngo.

Shangazi, mchimbaji akiwa chini anapotaka kuvutwa, hugonga bomba la hewa mara tatu. Maana yake ni moja tu: nipandisheni.

Nitalikagua tena. Huenda ni waya umelegea.

Mwanao,
Asteria


Mhunze
11 Juni 2024

Asteria mwanangu,

Marahaba. Mguu unauma asubuhi, mchana unasahau. Eliya kaleta barua yako imeloa mafuta ya taa, lakini nimeisoma yote.

Maonesho yamechangamka kabla hata hayajaanza. Mzee Ndaki anaunda baiskeli ya kupukuchua mahindi. Lusia wa kwenye pamba ana jiko linalowaka kwa maganda ya mbegu za pamba, ila moshi wake umeshafukuza wapangaji wawili. Na mimi shangazi yako simo nyuma: lile friji lililokufa nimeligeuza la kutotoleshea vifaranga. Taa ya chemli chini, mayai juu, na saa ya mezani ya kunikumbusha kuyageuza. Mayai matatu yamekwishapasuka na vitoto vimetoka vinapiga kelele ndani ya friji.

Hilo la kugonga, mwanangu, ni maji. Maji yakidondoka kwenye shimo hugonga hivyo hivyo. Wamekaa chini ya ule mwamba tangu mvua za mwaka jana, Bujiku na wenzake Jilala na Januari, na uokoaji ulisimamishwa kwa kuwa mwamba ulikuwa unazidi kuporomoka. Hakuna wa kugonga kule.

Na nakuomba jambo moja. Unajua Violeth, mke wa Bujiku, bado amepanga chumba hapa kwangu. Hajavaa nguo za msiba mpaka leo. Viatu vya mumewe vya kanisani anavipaka rangi kila Jumamosi na kuviweka mlangoni. Juzi juzi tu ndiyo ameanza kula sahani nzima. Neno la kugonga lisimfikie.

Wabeja, asante sana kwa dawa ya mguu uliyompa Eliya.

Shangazi yako,
Hosiana


Nyabusalu
30 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na hongera kwa vifaranga vya friji. Mimi homa imenilaza wiki hii, naandika nikiwa kitandani.

Si maji. Nimebadilisha waya, nimebadilisha spika, nimebadilisha hata kopo. Nikilifukia kwenye duara la Masalu, lililo jirani kabisa na hapo, nasikia nyundo za vijana wake na sauti zao, basi. Nikirudi kwa Abel, ngo, ngo, ngo.

Nilimwita Abel mwenyewe. Ni mwenye duara, nikaona ana haki ya kusikia. Alivaa hedifoni akiwa anacheka. Hakukaa nazo muda mrefu. Alizivua, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya ugenini, akasema, "Maji hayo, fundi. Usije tena hapa na kopo lako." Kesho yake nikaona anang'oa kibanda chake, anakwenda kujenga upande wa pili wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe.

Kuna kitu kimoja sikutaka kukuandikia lakini siwezi kukaa nacho peke yangu. Siku ya mwisho nilichukua jiwe nikagonga juu ya kifusi mara moja. Chini kukagonga mara moja. Nikagonga mara mbili. Kukagonga mara mbili. Nikaacha. Basi chini kukaanza kugonga haraka haraka bila kupumzika, kama mtu aliyejua sasa kwamba kuna watu juu.

Nilikimbia, nikaacha hata kiatu kimoja.

Safari ya Mhunze siiwezi kwa homa hii. Kopo na vifaa vyake nampa Eliya kwenye boksi. Lifukie uwanjani pale kwenye udongo mgumu, washa, watoto wasikie kuku na mpira. Huko hakuna machimbo, litakuwa kitu cha kufurahisha tu. Kwa kweli nataka likae mbali na duara hili.

Mwanao,
Asteria


Mhunze
28 Julai 2024

Asteria,

Salamu zako nimezipata, na za kwangu ni hizi, lakini leo sina maneno mengi ya salamu. Umepona? Violeth amefika huko? Nijibu hilo kwanza kabla ya yote.

Maonesho yalianza vizuri. Uwanja ulijaa. Baiskeli ya Ndaki ilipukuchua debe zima huku watu wakipiga vigelegele, halafu mnyororo ukakatika akaanguka nayo. Kulikuwa na kinyago cha kufukuza ndege mpungani kinachopunga mikono kwa upepo, na winchi ya kuchezea iliyotengenezwa kwa mirija ya soda. Mwalimu Sikujua, mwenyekiti wa maonesho, alikuwa anazunguka na kipaza sauti akituita wahandisi.

Kopo lako nililifukia karibu na goli. Ndilo lililokuwa na foleni ndefu kuliko vyote. Watoto walirukaruka, wenzao wakasikia ngurumo. Mchungaji alivaa akasema amesikia ng'ombe wa Ndaki wakinywa maji. Watu wakacheka sana.

Mchana, Violeth alipita kuniletea chakula. Nilikuwa nageuza mayai yangu, sikumwona aliposimama kwenye foleni. Nilipoinua kichwa alikuwa tayari amevaa hedifoni, amefumba macho.

Nilimwambia, "Mama, acha, hizo ni za watoto."

Akanyanyua kidole ninyamaze. Nikaona midomo yake inahesabu. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Halafu akasema taratibu kabisa, "Shangazi, ndivyo anavyobisha hodi. Mbili za karibu, ya tatu anaichelewesha. Ndivyo Bujiku anavyobisha."

Nikamnyang'anya hedifoni. Nikavaa mwenyewe nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Asteria, mimi sikio langu la kushoto halijasikia hata kengele ya kanisa miaka yote hii, unalijua. Nilisikia kwa sikio hilo. La kulia lilikuwa linasikia watoto wakikimbia. La kushoto lilisikia kugonga.

Mhunze hakuna machimbo. Chini ya uwanja ule hakuna kitu ila udongo wa mbuga.

Niling'oa waya kwenye betri. Mwalimu Sikujua akauliza kama kimeharibika, nikasema ndiyo. Nilipogeuka, Violeth hayupo. Alikuwa amekwenda nyumbani, akachukua viatu vile vya kanisani na khanga mbili, akapanda basi la mchana lile lile.

Sikuwahi kumzuia, na sijui kama ningeweza. Mpokee. Asilale kwenye kifusi.

Shangazi yako,
Hosiana


Nyabusalu
19 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii inakuja na Violeth na jeneza la mumewe. Jilala na Januari wamechukuliwa na ndugu zao leo asubuhi. Mimi sikuweza kuja kwenye maziko kwa sababu nahitajika hapa kuandikisha maelezo. Nitakueleza yote hapa, maana Violeth hataongea sana.

Alifika ameshika viatu mkononi. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja pale wachimbaji wanapokula uji, akasimama katikati yao. Akasema, "Mimi ni mke wa Bujiku. Sikuja kudai mtu aliye hai, nina akili zangu. Nimekuja kumchukua anayeniita. Nisaidieni."

Abel alikuwepo. Akasema, "Mama, lile duara limefungwa. Mwamba wake ni mbaya. Nani ataingiza mtu wake humo kwa ajili ya maiti?"

Violeth akamwuliza, "Wewe mwenye duara, ulimsikia akigonga au hukumsikia?"

Abel akaangalia kikombe chake cha uji. Baadaye akasimama, tukadhani anaondoka, kumbe anakwenda kuchukua koleo. Hapo Masalu naye akawaambia vijana wake waliokuwa wanajiandaa kushuka, "Leo hatushuki kwetu. Tukamsaidie huyu mama." Wengine walinung'unika, walikuwa wamekaribia mwamba wenye dhahabu. Lakini walikwenda.

Tulichimba siku kadhaa, kila siku mpaka jua linapoinama. Wanawake tulikuwa tunabeba kifusi. Wanaume waliweka magogo mapya ya kushikilia kuta, wakishuka kwa zamu, wamefungwa kamba. Watu wakaanza hata kutaniana.

Ilikuwa saa za mchana, jua kali, tumekaa wote tunakunywa maji. Ardhi ikatikisika chini ya makalio yetu. Hakukuwa na kishindo kikubwa, ni kama gunia la mahindi limetupwa. Vumbi likapanda kutoka kwenye duara la Masalu. Tulipofika, halikuwepo. Shimo, winchi, kibanda cha kivuli, vyote vimemezwa, ardhi imekaa tambarare kama haikuwahi kuchimbwa.

Masalu akaanza kuita majina ya vijana wake. Kila mmoja aliitika kutoka nyuma yake. Aliita tena upya, na wakaitika tena. Alipomaliza akaketi chini akalia mbele za watu.

Siku zote za kazi, saa ile, wote wangekuwa chini.

Baada ya hapo hakuna aliyenung'unika. Tuliwafikia juzi. Walikuwa pamoja, pahali pamoja, chini ya bamba moja la mwamba. Violeth alimtambua Bujiku kwa mkanda. Daktari aliyekuja kuwaangalia akasema walikufa papo hapo, mwamba ulipoanguka. Nilimwuliza kama kuna aliyeweza kubaki hai hata muda mfupi na kugonga kitu. Akasema hapana, fundi, hata mkono usingeweza kuinuka pale. Na bomba la hewa, Shangazi, lilikuwa limeng'oka siku ile ile ya ajali. Kule chini hapakuwa na bomba la kugonga.

Violeth alimvisha viatu vyake kabla ya jeneza kufungwa. Mpe uji mzito akifika.

Mwanao,
Asteria


Mhunze
8 Septemba 2024

Asteria mwanangu,

Tumemzika Bujiku vizuri. Watu walikuwa wengi. Violeth sasa amevaa nguo nyeusi, na ni ajabu kusema, lakini zimempendeza kuliko zile za kungojea. Alilala siku mbili mfululizo. Alipoamka aliniuliza vifaranga vimekula.

Kopo lako lilipewa zawadi ya kwanza, jembe na cheti. Mwalimu Sikujua alinisomea jina lako kwenye kipaza sauti, lakini watu hawakupiga makofi. Walikuwa wananitazama tu, habari za Violeth na kugonga zilikwishaenea.

Tangu hapo wanakuja hapa nyumbani. Mmoja anataka kulifukia kwenye kaburi la mama yake. Mwingine mtoto wake alipotea Isaka, anataka asikilize pale malori yanapoegeshwa. Mzee mzima alipiga magoti mlangoni kwangu. Wote nimewakatalia, na kila ninapomkatalia mtu najiona mkatili.

Sijaliwasha tena. Nimelifunga kwenye boksi, Eliya atakuletea. Anasema abiria hawataki likae ndani, atalifunga juu na mizigo.

Mimi ningekuwa wewe ningelivunja. Lakini halafu nawaza wale vijana wa Masalu, kila mmoja na mama yake, wanakunywa uji wakiwa hai. Sijui nikushauri nini, mwanangu. Umri wangu wote sikujua kuna siku nitashindwa kukushauri.

Shangazi yako anayekuombea,
Hosiana


Nyabusalu
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Na Violeth je, na vifaranga? Mimi afya ni njema, nimenenepa hata.

Boksi lilifika. Nilikaa nalo wiki nzima bila kulifungua. Halafu Masalu akaja na vijana wake, wakasimama mlangoni wamevua kofia kama wamekuja kuposa. Wamefungua duara jipya. Masalu akasema, "Fundi, sisi tumekubaliana. Hatushuki mpaka wewe usikilize useme kimya."

Nikamwambia, "Na nikikosea?"

"Utakosea ukiwa unatujali. Wengine wanakosea bila hata kutujali."

Basi sasa ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi nalifukia kopo, navaa hedifoni, nao wanasimama wananitazama uso. Mimi naomba moyoni nisisikie kitu. Nikisema kimya, wanashuka, nami nakaa pale na hedifoni zangu mpaka wapande. Siku zote hizi imekuwa kimya. Nyundo zao tu, na nyimbo zao. Nilikuwa nimeanza kuzoea, hata kusinzia.

Leo nilisema kimya, wakashuka. Jua likiwa bado juu nikaona kamba inatikiswa, winchi inazungushwa, wanapanda mmoja mmoja, kabla ya saa yao. Hakuna aliyeumia. Walikuwa wanafuta jasho, wanaulizana chakula. Masalu alipanda wa mwisho.

"Fundi," akasema, "kuna nini? Mbona umetuita mapema?"

"Nimewaitaje?"

"Si umegonga bomba kutoka juu? Mara tatu. Wote tumesikia, tukajua umesikia kitu, tukaacha vyombo."

Shangazi, mimi nilikuwa nimekaa mbali na bomba. Mikono yangu ilikuwa magotini. Aliyezungusha winchi alikuwa ananitazama muda wote, na hedifoni zilikuwa masikioni mwangu, na sikusikia chochote. Mpaka ninavyoandika hapa duara limesimama, halijadondosha hata kokoto.

Vijana wote walikuwa wananingoja. Kesho wanatakiwa kushuka tena, na wakijua si mimi, bomba likigongwa siku nyingine huenda wasipande.

Nikamwambia Masalu ndiyo, ni mimi.

Mwanao,
Asteria